Mwalimu Mtarajiwa: Makazi, Malisho na Tabia Zake

Mwalimu mtarajiwa ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyesajiliwa kusomea shahada ya ualimu, naye nchini Tanzania hupatikana katika aina mbili. Aina ya kwanza ni wale walioutaka ualimu tangu utotoni, waliokuwa wakiwapanga wadogo zao ukutani na kuwachapa kwa fimbo ya mpera kwa kosa la kutojua tebo ya saba. Aina ya pili, ambayo ndiyo yenye watu wengi, ni wale waliojaza sheria katika chaguo la kwanza na uhasibu katika la pili, kisha mjomba akapita sebuleni akauliza, "Na mkopo je, utaupata?" Kwa miaka mingi wanaosomea ualimu, hasa wa sayansi na hisabati, wamekuwa katika kundi la kipaumbele la mikopo ya elimu ya juu, na swali hilo la mjomba limeingiza watu wengi darasani kuliko wito wowote wa moyoni. Ifikapo mwaka wa tatu aina hizi mbili hazitofautishiki tena. Wa kwanza huwa ameichoka kazi kidogo kabla hajaianza, wa pili huwa ameipenda kidogo bila kukusudia.

Shahada ni ya miaka mitatu. Mwanafunzi huchukua masomo mawili atakayokwenda kuyafundisha sekondari, tuseme Historia na Kiswahili, au Hisabati na Fizikia, na juu yake hurundikiwa masomo ya elimu yenyewe: saikolojia, falsafa, mitaala, upimaji, mbinu za kufundishia. Masomo hayo yako chini ya idara tofauti, na kila idara hupanga ratiba kana kwamba nyingine zilifungwa zamani. Matokeo yake ni kwamba Jumatatu saa 4 asubuhi mtu mmoja hutakiwa awe katika majengo matatu. Ndiyo maana hakuna anayezijua njia za uchochoroni za chuo kama mwanafunzi wa ualimu, na ndiyo maana viatu vyake huwa na vumbi hata masika.

Kufika chuoni kuna utaratibu wake. Mgeni huja na begi lenye zipu iliyofungwa kwa kamba, godoro lililokunjwa na kubanwa kwa mpira wa baiskeli, na bahasha ya vyeti ambavyo baba yake, kwa upendo, amevifunga kwenye plastiki ngumu visiharibike. Foleni ya kwanza anayoiona hujiunga nayo bila kuuliza, kwa kuwa alivyoambiwa nyumbani ni kuwa chuo ni foleni. Baada ya saa nzima hugundua kuwa ni foleni ya wali. Akifika kwenye ile ya usajili huambiwa kivuli cha cheti kigongwe muhuri wa wakili, na wakili naye husema ili athibitishe kivuli anataka kukigusa cheti chenyewe, si plastiki.

Vitanda vya mabweni huwa pungufu kuliko watu, na pengo hilo huzibwa na taasisi iitwayo kubebana. Mwenye kitanda humbeba asiyenacho, na chumba cha watu wanne kikalala saba bila kuonekana kwenye karatasi yoyote. Anayebebwa ana masharti: alale upande wa ukuta, asikorome, asiwe wa kwanza kuingia bafuni, na mkaguzi akibisha hodi ajitambulishe kuwa amekuja kuazima pasi. Wapo waliobebwa hivyo miaka mitatu mfululizo na kuhitimu wakiwa rasmi bado wamekuja kuazima pasi. Kanuni haziruhusu, lakini maoni ya makala haya ni kwamba hakuna somo katika mtaala linalomwandaa mwalimu kwa nyumba za shule za vijijini kama hili, kwa sababu huko nako nyumba ya familia moja hukaa walimu watatu na kuku wa Makamu Mkuu wa Shule.

Darasani mambo ni makubwa zaidi. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mhadhiri wa wakati ule aliweza kumuuliza kila mtu hali ya mama yake kabla ya kuanza kipindi. Leo mhadhara wa saikolojia ya elimu hukusanya mamia ya watu katika ukumbi mmoja, na wanaochelewa husikilizia dirishani. Viti vya mbele hushikwa tangu alfajiri kwa daftari, leso, ndoo ndogo, na katika visa vilivyoshuhudiwa, kiatu kimoja cha kushoto. Ndani ya ukumbi huo, kwa kipaza sauti kinachokatika kila baada ya neno la tatu, hufundishwa ubora wa mbinu shirikishi.

Hapa ndipo kilipo kichekesho kikuu cha mafunzo haya. Kwa saa mbili mhadhiri husoma kutoka kwenye slaidi kwamba mhadhara ndiyo mbinu dhaifu kuliko zote, kwamba mwanafunzi si debe tupu la kujazwa, kwamba mwanaelimu Paulo Freire aliikataa elimu ya kuweka akiba vichwani. Mamia ya mikono huyaandika hayo neno kwa neno. Aliyeko dirishani huuliza wa mbele yake, "Amesema mbinu gani ni dhaifu?" Naye hujibiwa, "Andika tu, tutatoa kopi." Si kosa la mhadhiri, maana hata Freire mwenyewe angepewa ukumbi ule na kipaza sauti kile angesoma slaidi. Ila ukweli unabaki kuwa mwalimu mtarajiwa hufundishwa kufundisha kwa namna ambayo akiitumia kwenye mazoezi atapewa sifuri, na kwamba kufundisha kwenyewe hukuokota kwingine, mahali pasipo na alama.

Kazi za kikundi zilibuniwa kuziba pengo hili. Kikundi huwa na watu 15. Mmoja huifanya kazi, mmoja hutoa fedha ya steshenari, mmoja hujitolea kuipeleka, na 12 waliobaki hukagua kwa makini kama majina yao yameandikwa sawasawa kwenye jalada. Siku ya kuwasilisha, anayesimama mbele huwa si yule aliyeifanya, kwa kuwa yule amelala. Likija swali kutoka kwa wasikilizaji, mwasilishaji hujibu kwa heshima zote, "Nashukuru kwa swali zuri, mwenzangu atalitolea ufafanuzi," na macho yote humgeukia mwenzake, ambaye ndiyo kwanza anatoka mlangoni akiwa na simu sikioni.

Nadharia nazo humwingia mtu mwilini polepole. Benjamin Bloom na wenzake, katika kitabu chao cha 1956, waliyapanga malengo ya kujifunza katika ngazi sita, kuanzia maarifa hadi tathmini, na kutokana na mpango huo walimu watarajiwa hufunzwa kuandika malengo mahususi yanayopimika. Kitenzi "kuelewa" ni marufuku, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona mtu akielewa. Huruhusiwa kutaja, kueleza, kuchora, kulinganisha. Lengo halali husomeka hivi: hadi kufikia mwisho wa kipindi cha dakika 80, kila mwanafunzi aweze kutaja sababu tatu za jambo fulani bila kukosea. Baada ya muhula mmoja lugha hii haimtoki tena mtu. Kuna barua ya mapenzi iliyowahi kuzunguka bweni zima, ambamo kijana wa Jiografia na Kiingereza alimwandikia mpenzi wake kwamba hadi kufikia mwisho wa wiki mbili angependa awe ameweza kueleza msimamo wake na kutoa mifano miwili. Binti, aliyekuwa akisoma kozi hiyo hiyo, alijibu kwamba kitenzi "kupenda" hakipimiki.

Malisho ya mwalimu mtarajiwa hutegemea kitu kiitwacho boom, yaani fedha ya mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Fedha ya chakula na malazi, iliyokuwa shilingi 8,500 kwa siku na kisha ikapandishwa hadi 10,000, hutolewa kwa mkupuo wa siku 60 au karibu na hapo. Hesabu ni nyepesi: shilingi 10,000 mara 60 ni 600,000, na anayezipokea ni kijana ambaye hajawahi kushika laki moja yake. Siku ya kwanza yeye ni tajiri. Hula chipsi mayai na mishikaki, huagiza soda ya pili akiwa na ya kwanza mkononi, hununua simu, humtumia mama yake 20,000 na kumwambia asihangaike tena. Wiki ya tatu hurudi kwenye wali maharage. Wiki ya tano huanza pasi ndefu, mbinu ambayo mtu hula mlo mmoja saa 9 alasiri, umechelewa kuwa chakula cha mchana na umewahi kuwa cha usiku, ili uhesabiwe kwa vyote viwili. Wiki ya saba humpigia mama yake kumuuliza kama ile 20,000 ilitumika yote.

Ni mkopo, na hurudishwa. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2016 makato ni asilimia 15 ya mshahara. Takwimu hii hufahamika kwa kila mwanafunzi, kama kila mvutaji anavyoyajua maandishi ya kwenye pakiti.

Maisha ya chuo nje ya darasa humfuata mwalimu mtarajiwa hata asipoyafuata. La kwanza ni siasa ya serikali ya wanafunzi, ambayo huwa na rais, waziri mkuu, mawaziri, bunge, na bajeti ndogo kuliko ya harusi ya kawaida ya Mbagala. Mgombea kutoka kitivo cha elimu huwa na karata moja ambayo wa uhandisi hanayo: Baba wa Taifa alikuwa mwalimu. Karata hiyo ni ya kweli kabisa. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere kati ya 1943 na 1945, na huko huko alishiriki kuanzisha chama cha wanafunzi kutoka Tanganyika. Akafundisha Tabora, baadaye Pugu, hadi alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Wanachosahau wagombea kukitaja ni kwamba mwalimu huyo huyo, akiwa Rais, Oktoba 1966 aliwafukuza wanafunzi zaidi ya 300 walioandamana kuipinga Sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa. Tangu hapo kila serikali ya wanafunzi hutanguliza hekima. Madai mengi huhusu maji kukatika na bei ya kutoa kopi, nayo huwasilishwa kwa barua yenye kichwa cha habari kirefu kuliko barua yenyewe.

Kampeni zina faida nyingine. Mtu aliyekuwa akitetemeka kusoma kazi ya kikundi hujikuta juu ya meza usiku, akishusha nondo mbele ya umati wenye njaa, na kujifunza kwa uchungu kwamba watu wakinyamaza si lazima wawe wanasikiliza. Kuna mgombea wa ubunge wa bweni aliyehutubia robo saa nzima kuhusu mageuzi ya taa za korido kabla hajagundua kuwa umati ulikuwa umekusanyika kungojea mpira uanze kwenye runinga iliyokuwa nyuma yake. Alishinda. Wapiga kura walisema angalau hakuziba skrini.

La pili ni dini. Kila kundi lina jumuiya yake, kwaya yake au darsa lake, na ratiba yake ya mazoezi ambayo haigongani na kitu chochote isipokuwa mitihani. Humo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa kuwa ameandikishwa ualimu, hukabidhiwa watoto wa Jumapili au wa madrasa siku ya pili tu ya kufika, bila zana na bila malengo mahususi. Watoto 30 chini ya mwembe, nusu yao wanapigana. Huimba, huwagawa makundi, humpa ukiranja yule mkorofi zaidi, na ndani ya nusu saa pametulia. Hamwambii mtu. Haimjii hata kidogo kwamba hicho alichokifanya ndicho kitakachokuja kwenye mtihani wa Februari, na mwezi huo kikija ataandika kurasa nne akimtaja mwanasaikolojia Skinner bila kuukumbuka mwembe.

La tatu ni vimbweta, yaani meza na viti vya zege vilivyojengwa nje chini ya miti, ambako watu hupiga msuli hadi usiku wa manane. Vimbweta havina mhadhiri. Aliyeelewa ndiye mkuu wa kimbweta hicho usiku huo, na kesho hushushwa cheo likija somo jingine. Somo linalowajaza watu huko ni upimaji na tathmini, kwa kuwa lina takwimu, na waliokimbilia masomo ya sanaa ili kuzikwepa namba hukuta zimewatangulia. Bingwa wa kueleza mkengeuko sanifu huwa mara nyingi ni mtu aliyerudia mtihani wa somo lenyewe mara mbili. Yeye huutazama upya uji wa fomula kwenye madesa, yaani kopi za nukuu, huyafunga, halafu huuliza: mgahawani leo sahani ilikuwa na vipande vingapi vya nyama? Mmoja viwili, mmoja vinne, mmoja hakuna, mmoja viwili. Wastani ni viwili, mama ntilie hana kosa kwenye wastani. Lakini wewe uliyekosa, umekosa wastani? Kimya hutanda, mwenye sahani ya vinne hutazama chini, na kila mtu huwa ameelewa jambo ambalo lilimshinda tangu Novemba. Huyu bingwa atapata C katika mtihani.

Kabla ya kuachiwa watoto wa watu, mwalimu mtarajiwa hupitishwa kwenye ufundishaji wa majaribio, mbinu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika miaka ya 1960. Mwanafunzi hufundisha somo fupi mbele ya wenzake wachache wanaojifanya ni Kidato cha Kwanza. Kasoro iko kwa Kidato cha Kwanza chenyewe. Nusu yao wana ndevu, mmoja ananyonyesha, na wote wana deni na mwalimu. Akiuliza, "Nani anaweza kuniambia historia ni nini?" mkono hunyooshwa na kijana wa miaka 26, ambaye hujibu kwa kumtaja Karl Marx na uyakinifu wa kihistoria, huku akijitahidi kutoa sauti ya mtoto. Mwingine huomba ruhusa ya kwenda chooni na harudi hadi Alhamisi. Mwalimu husifu kila jibu, "Vizuri sana, mpigieni makofi ya kilo," kwa kuwa kwenye fomu ya alama kuna kipengele cha kutia moyo.

Kisha huja BTP, mazoezi ya kufundisha, wiki sita au nane kutegemea chuo na mwaka. Majina ya shule hubandikwa ubaoni, na hapo huonekana nani ana shangazi katika mji wenye shule nyingi. Aliyekosa hupangiwa shule ya kata ambayo ramani ya simu huionyesha katikati ya kijani tupu. Hushuka stendi usiku akiwa na begi, pasi ya mkaa aliyopewa na bibi yake, na tai moja. Bodaboda humuuliza, "We ndo mwalimu mpya?" kabla hajasema neno. Kijijini habari humtangulia mtu.

Asubuhi hiyo ya kwanza ndipo jina linapobadilika. Mzee anayeweza kuwa babu yake huvua kofia na kumwita Mwalimu. Kufikia Jumamosi huwa ameombwa kusoma barua ya mahakama ya mwanzo, kurekebisha simu inayozungumza Kichina, kuchezesha mpira kati ya vijiji viwili visivyopatana, na kutoa neno la shukrani kwenye msiba wa mtu asiyemjua. Shuleni kijana wa Kidato cha Tatu, mrefu, mwenye sauti ya kwaya ya besi, husimama na kusema, "Shikamoo mwalimu." Mwalimu ana miaka 21. Ulimi wake, uliolelewa vizuri na mama, hujibu wenyewe: "Shikamoo." Kosa hili hutokea karibu kwa kila mmoja, na dawa yake ni moja tu, nayo ni kutazama saa kwa haraka na kuondoka kama mtu aliyeitwa ofisini.

Ofisi ya walimu humpokea kwa furaha ambayo mwanzoni haishuku. Walimu wenyeji humpa kiti, chai, andazi, kisha vipindi. Mwalimu wa Historia, aliyekuwa akifundisha mikondo minne, humkabidhi yote minne pamoja na rundo la madaftari yasiyosahihishwa tangu Pasaka, humtakia kila la heri na kwenda kuangalia shamba lake la alizeti. Mwalimu wa taaluma humwongezea zamu. Ndani ya wiki moja mgeni huyo ndiye anayegonga kengele, ambayo ni rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mkorosho, naye huigonga kwa adabu kiasi kwamba hakuna darasa linalotoka.

Kila kipindi kinataka andalio la somo. Ni jedwali lenye hatua, muda, shughuli za mwalimu, shughuli za wanafunzi na tathmini, na mwisho wake kuna nafasi ya mwalimu kuandika jinsi somo lilivyokwenda. Nafasi hiyo hujazwa usiku wa kuamkia somo, kwa taa ya simu, nayo husema daima: "Somo limefundishwa na kueleweka kwa asilimia 85." Asilimia 100 ingeonekana ni majivuno, 70 ingeleta maswali. Kinachotokea kesho yake ni kwamba yale aliyoyapangia dakika 80 humalizika dakika ya 25. Mwalimu huuliza, "Tupo pamoja?" Darasa zima huitikia, "Ndiyooo!" Huuliza kama kuna mwenye swali. Hakuna. Dakika 55 humtazama machoni. Wengi huamua hapo hapo kwamba hayo yaliyosemwa sasa yaandikwe upya kama muhtasari, polepole, kwa mwandiko mzuri.

Tathmini ya chuo huja bila taarifa, au ndivyo inavyokusudiwa. Mhadhiri hutumwa kuzunguka wilaya nzima akiwatazama wanafunzi wake wakifundisha, nao wamejipanga. Grupu la WhatsApp hupokea ujumbe saa 12 asubuhi: ameonekana stendi, shati la bluu, anakunywa supu. Shule iliyo karibu huanza kubandika zana ukutani. Mfumo huu hukosea mara kwa mara. Katika shule moja mtu wa shati la bluu alisimama dirishani kwa muda mrefu akiwa na faili kwapani, na mwalimu mtarajiwa akafundisha kuliko alivyowahi kufundisha maishani, akatumia makundi, akatumia wimbo, akazunguka darasani akiwashika mabega wanyonge. Mgeni alipoingia alisema somo limemfurahisha sana, na kwamba yeye ni bwana afya, amekuja kukagua vyoo.

Mtathmini halisi alifika siku ya pili yake, bila shati la bluu. Mada ilikuwa biashara ya masafa marefu katika karne ya 19. Zana ilikuwa ramani kwenye karatasi ya manila, iliyochorwa hadi saa 8 usiku: njia ya kati kwa wino mwekundu kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ya kusini kwa kijani kutoka Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa. Ubao ulikuwa umefutwa kwa kitambaa kikavu, na selotepu haishiki kwenye vumbi la chaki. Pembe ya juu kulia ilibanduka kwanza. Mwalimu aliirudisha kwa kiganja huku akieleza pembe za ndovu. Ya kushoto ikafuata. Alipoiwahi hiyo, ramani nzima ilimshukia kichwani, akawa anaendelea kuzungumzia misafara kutokea chini ya Tanganyika ya Magharibi.

Wanafunzi wawili wa dawati la mbele walinyanyuka bila kuambiwa, wakaishika kila mmoja upande wake. Mkono wa mmoja ulikuwa umeziba Ujiji. Wa nyuma wakalalamika hawaoni, wakasogea. Msichana mmoja, ambaye tangu shule ifunguliwe hakuwa amesema kitu, alifuata mstari mwekundu kwa kidole na kusema kwa Kiswahili, katika kipindi ambacho sheria ni Kiingereza, kwamba njia hiyo si inapita kule kwao, ile miembe mikubwa si ndiyo bibi husema ilipandwa na watu wa misafara? Mwingine akapinga, miembe ile ni ya wamisionari. Darasa likapasuka. Kila mmoja alikuwa na babu, na kila babu alikuwa na msimamo. Mwalimu aliliangalia andalio lake, ambalo lilisema dakika hizo ni za kunukuu faida tano za biashara, akalikunja. Kengele ilipogongwa hakuna aliyetoka, na safari hii haikuwa kwa sababu ya mgongaji.

Fomu ya tathmini ilijazwa kwa uaminifu. Kufuata andalio: alama hafifu. Usimamizi wa muda: alama hafifu. Lugha ya kufundishia: azingatie. Ushirikishaji wa wanafunzi: alama zote. Chini kabisa, katika nafasi ya maoni, mtathmini aliandika kwamba zana ni nzuri ila itumike selotepu imara zaidi.

Kurudi chuoni baada ya hapo hakuna mengi ya kueleza. Mazoezi ya muhula hubeba alama 40, mtihani wa mwisho 60, na GPA huhesabiwa juu ya 5: kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 daraja la pili la juu, 2.7 la pili la chini, na 2.0 ni kufaulu kwa dua za wazazi. Anayefeli husapu, yaani hurudia mtihani, anayefeli tena hukeri somo hadi mwaka unaofuata, anayezidi hudisko na kwenda nyumbani kueleza neno hilo kwa baba. Mahafali huja na joho la kukodi lililoshonwa kwa ajili ya mtu mrefu zaidi, na ndugu waliojaa basi dogo, mjomba akiwa kiti cha mbele.

Zamani mhitimu wa ualimu alisubiri tu kupangiwa kituo. Sasa walimu nao huomba ajira kwenye mfumo wa mtandao na kufanyiwa usaili, kwanza wa kuandika, kisha wa mdomo na wa kufundisha kwa vitendo mbele ya jopo linalokaa kimya zaidi ya Kidato cha Kwanza chochote. Wengi hawafiki huko mara ya kwanza, na si kwa ujinga. Cheti cha kuzaliwa huandika Asha, cha Kidato cha Nne Aisha, cha chuo Aysha, na mfumo hauwaamini kuwa ni mtu mmoja hadi wakili aape kwa niaba yao wote watatu. Kiapo kikishapatikana hupigwa picha, picha huwa nzito kuliko ukubwa unaoruhusiwa, hupelekwa steshenari ipunguzwe, na kijana wa steshenari huihifadhi kwa jina "Aisha mpya mpya kabisa 2", ambalo ndilo hupakiwa.